Wengi Wape, Lakini Si Katika Kila Jambo

Shuleni kwetu kila kitu huhesabiwa: alama za mtihani, magoli, na kura za kumchagua kiranja. Wahenga walisema, "Wengi wape," nami siwapingi. Ila mwaka huu, katika kusoma habari za elimu ya nyota, nimeona kuwa wataalamu nao wana hesabu yao, na hesabu hiyo imenifikirisha sana.

Yenyewe ni hii. Mtaalamu akigundua jambo huandika makala. Wenziwe wakiandika baadaye hutaja makala walizozitegemea, na kila kutajwa huhesabiwa. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, alitoa kipimo chepesi: mtu mwenye makala 20, ambazo kila moja imetajwa angalau mara 20, kipimo chake ni 20. Siku hizi wapo wanaopewa kazi au kunyimwa kwa vipimo vya namna hii.

Sasa natamka jina la mtu mmoja, Bohdan Paczyński. Alizaliwa mwaka 1940 katika mji wa Vilnius, akasomea Warsaw, Poland, na makala yake ya kwanza ilichapwa alipokuwa na umri wa miaka 18, yaani amenizidi mwaka mmoja tu. Baadaye alikuwa profesa katika chuo kikuu cha Princeton, Marekani, hata alipofariki mwaka 2007.

Katika zama zake palikuwa na fumbo. Tarehe 2 Julai, 1967, setilaiti za Marekani zilizokuwa zikichunguza majaribio ya mabomu ya nyuklia zilinasa mmweko wa miale ya gama, nuru yenye nguvu nyingi isiyoonekana kwa macho. Haukuwa wa bomu; ulitoka mbinguni. Habari zake zilitangazwa mwaka 1973, na mimweko mingine mingi ikaonekana. Yatoka wapi? Wataalamu wengi walisema ni humu humu katika galaksi yetu, kwa kuwa kama ingetoka mbali sana, nguvu yake ingepita kiasi cha kusadikika. Mwaka 1986 Paczyński aliandika makala ya kurasa nne tu, akasema yatoka mbali, nje kabisa ya galaksi yetu. Waliomwafiki walikuwa wachache.

Mwezi wa Aprili 1995, huko Washington, alisimama mbele ya wataalamu kujadiliana na Donald Lamb, aliyeshikilia kuwa mimweko ile ni ya karibu. Mdahalo ulikuwa mzuri, lakini haukumaliza ubishi. Kilichoumaliza ni kipimo, na kipimo hicho kilipitia katika pwani yetu hii ya Kenya. Setilaiti BeppoSAX, ya Waitalia na Waholanzi, iliyorushwa mwaka 1996, ilikuwa ikishusha habari zake katika kituo cha Malindi, na kutoka hapo zikapelekwa Roma. Mwaka 1997 iliwaonyesha wataalamu mahali hasa mimweko ilipotokea, nao wakaelekeza darubini zao upesi. Nuru iliyofuata mmweko wa tarehe 8 Mei ilipopimwa, ilionekana kuwa imesafiri mabilioni ya miaka. Paczyński alisema kweli miaka 11 kabla.

Leo makala ile ya kurasa nne imetajwa mara mamia kwa mamia. Je, imekuwa ya kweli zaidi kwa kutajwa? Hasha! Ilikuwa ya kweli tangu siku ile wachache walipoiafiki. Tena anayekutaja ili akupinge huhesabiwa sawa na anayekuunga mkono. Hesabu yatuambia kuwa mtu amesikika, haituambii kuwa amesema kweli. Wala nisieleweke vibaya: si kila anayepingwa na wengi ana haki. Wengi wa wanaopingwa wamekosea. Mwamuzi ni kipimo, si kura.

Ninayo sababu ya kuandika haya. Tangu Kidato cha Pili nimekuwa nikipima mvua ya hapa shuleni kwa niaba ya chama cha sayansi. Kila asubuhi kabla ya kengele ya chai huenda kwenye kipimo nyuma ya maabara na kuandika milimita, hata kama ni sufuri. Daftari la pili limekaribia kujaa, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuliomba. Wenzangu huuliza, "Nani atalisoma?" Mjomba wangu, ambaye ndiye anilipiaye karo, ameniambia niache fizikia, nisomee kazi ambayo watu wataiona. Nampenda na kumheshimu, na yapasa nimpe jibu kabla mwaka haujaisha. Jibu langu, kwa adabu zote, ni kwamba nitasomea fizikia. Sina ahadi ya kutajwa na mtu yeyote, lakini namba ninazoandika zitakuwa za kweli.

Limebaki jambo moja. Mwisho wa mwaka nitaondoka, na mvua haitaondoka nami. Mdogo wangu yeyote wa madarasa ya chini aliye tayari kuamka mapema na aje kwangu bwenini. Nitamkabidhi kipimo, kalamu na daftari. Wa kumpigia makofi hatakuwapo, lakini siku moja huenda mtu akataka kujua mvua ilinyesha kiasi gani hapa, na jibu litakuwapo.