Dakika ya Kwanza

Aushi yangu ya ukunga niliipitisha katika wilaya za Tarime na Serengeti, mara upande huu wa Mto Mara, mara upande ule, na katika muda huo wote sikuona mauti yaliyo mepesi kuandikwa daftarini kuliko ya mtoto mchanga. Maana aliyetoka bila kulia, ijapokuwa moyo wake ulikuwa ungali ukipiga, aghalabu aliandikwa kuwa amezaliwa mfu, jamaa wakaambiwa ni majaliwa, na shauri likaisha.

Walakini sababu zilikuwa dhahiri: uchungu uliovuta usiku kucha pasipo mtu kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, pumzi iliyokosekana katika dakika ya mwanzo, maradhi yaliyoingilia kitovuni, na njiti waliopozwa na baridi ya milima ya Tarime, ambao kinga yao ya kwanza ni kifua kitupu cha mama. Habari ya baridi nilijadiliana zaidi na mabibi kuliko na waganga. "Mwanangu, mtoto haachwi na uchafu wa tumboni," aliniambia mmoja, beseni la maji li tayari. Nikamjibu, "Niwie radhi, bibi, hayo mafuta meupe ndiyo nguo yake, tungoje hadi kesho." Alinung'unika, ila beseni aliliondoa.

Mafunzo ya kumsaidia mtoto apumue yalianza nchini mwaka 2009 katika hospitali nane, na vifo vya saa 24 za mwanzo vikapungua kwa asilimia 47. Hilo hutajwa sana. Lisilotajwa ni la hospitali ya Haydom, huko Mbulu, ambako semina ya siku moja ya mafunzo hayo mwaka 2010 iliwafanya wakunga mahiri mbele ya mwanasesere wa mazoezi, bali mbele ya mtoto hasa vitendo vyao havikubadilika. Hata walipozoea mazoezi ya dakika chache kila juma, ndipo vifo vya siku ya kwanza vikashuka kutoka 11 hivi hadi 7 katika kila vizazi 1,000. Sikustaajabu, kwani nimewaona wengi wakirudi na vyeti, ilhali kipumulio kimefungiwa kabatini na ufunguo anao mtu wa zamu ya mchana.

Basi nawasihi wakuu wa hospitali za wilaya hizi mbili: mkunga aliyekwisha kuzoea kipumulio msimhamishie wodi nyingine kila baada ya miezi michache, na mwanasesere awekwe mezani katika chumba cha kujifungulia, si ofisini.