Daftari la Ngoma

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu niliuelewa mwaka 1994, nilipokuwa kijana, mweka hazina wa kikundi cha ngoma ya bugobogobo hapa Mwanza. Tulivuka Ziwa Viktoria kwenda Bukoba, tukacheza siku mbili. Jioni ya kurejea, ndani ya MV Victoria, nikahesabu mapato ya kiingilio. Shilingi 14,000 hazikuonekana.

Pasipo kufikiri, nilimtazama mpiga ngoma aliyeshika mlango. Wenzangu wote wakamtazama. Hakujitetea, alitwaa ngoma yake akaenda kulala sitahani. Alfajiri, tulipoukaribia mji, nikakumbuka: fedha zile nilizitoa mimi mwenyewe gatini, kuwalipa wachukuzi waliopakia ngoma na majembe yetu, wala sikuandika. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Alinisamehe, lakini hakusafiri nasi tena.

Wakati ule wenzetu wa ng'ambo walikwisha kupata vyombo vya kazi hiyo. Osborne 1, kompyuta ya kubebeka iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1981, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, na ndani yake mlikuwa na programu ya kukokotoa hesabu. Huduma kama CompuServe zilipeleka barua kwa waya wa simu. Hivyo mwanamuziki aliyezunguka miji aliweza kupeleka hesabu zake nyumbani usiku uleule. Kwetu, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku mwaka 1974. Na hata marufuku hiyo ilipokwisha, vikundi vya ngoma viliendelea na kalamu na daftari. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, kiingilio chaweza kulipwa kwa simu, na kila shilingi ikaacha alama yake.

Hayo ni maendeleo, nami nayapokea kwa mikono miwili. Hata hivyo, chombo hakiandiki kisichoambiwa, na mchukuzi wa gatini angali akilipwa mkononi mara nyingi. Kwa hiyo nawasihi vijana wenye vikundi vya sanaa shuleni: kila matumizi yaandikwe papo hapo, na hesabu isomwe mbele ya wote kabla ya kulala. Ngoma ikipasuka huwambwa ngozi mpya. Heshima ya mwenzako ikipasuka, ngozi ya kuiwamba huipati.