Neno Lililokuwa na Mwenyewe

Katika mtaa wa Ng'ambo ya mji wa Unguja nilikozaliwa palikuwa na baraza moja ya mawe, iliyolainika kwa kukaliwa na vizazi vitatu vya wazee, ambapo kila siku baada ya sala ya laasiri muuza kahawa alitua dele lake la shaba, akagonganisha vikombe vyake, na watu wakaja mmoja mmoja kukaa, wengine kwa ajili ya kahawa na kashata, wengine kwa ajili ya bao, lakini wote, kwa hakika, kwa ajili ya habari. Hapo ndipo ilipojulikana bei ya karafuu, na nani kaposa wapi, na chombo gani kimeingia bandarini alfajiri. Na ada ya baraza ile, ambayo mimi kwa utoto wangu niliidhania kuwa ni ada ya dunia nzima, ilikuwa kwamba mtu akisema "nasikia", aliye ubavuni mwake humuuliza, "Kwa nani?"

Mwaka 1969, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, bibi yangu, mamaye baba, alinituma kununua mkate wa ufuta. Ulikuwa msimu wa Kusi, na upepo ulikuwa umevuma kwa ukali siku tatu mfululizo. Nilipopita mbele ya baraza niliwasikia wazee, kwa sikio la mtu aliye mwendoni, wakilizungumzia jahazi lililotarajiwa kutoka Tanga. Na kwa kuwa mume wa shangazi yangu alikuwa miongoni mwa abiria wake, moyo ulinipasuka, wala sikusimama kuuliza. Mkate sikuununua. Nilirudi mbio, na kwa kila hatua niliyopiga neno lile lilizidi kukua kinywani mwangu, hata nilipovuka kizingiti cha nyumba yetu nikapaza sauti nikasema kwamba jahazi limezama.

Wallahi sikukusudia uongo. Nilichokisema nilikiamini kwa moyo wote wakati nilipokuwa nikikisema. Lakini nimelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, na sina budi kukiri kwamba pamoja na hofu niliyokuwa nayo palikuwa na kitu kingine kifuani mwangu, nacho ni ile fahari ya kuwa mimi, mtoto asiyesikilizwa na mtu, ndiye niliyeishika habari ambayo nyumba nzima ilinyamaza ili kuipokea. Shangazi alianguka chini. Majirani waliingia kwa makundi, kilio kikatanda, na baadhi ya wanawake walikwisha kuanza kutandika mikeka ya matanga.

Bibi hakulia. Alivaa buibui lake, akanishika mkono, akanitazama usoni. "Umeona kwa macho yako, au umesikia?" Nikasema nimesikia. "Umesikia neno gani, hilo hilo lenyewe?" Hapo nikaona, kwa fadhaa kubwa, kwamba neno lenyewe silikumbuki. Akasema, "Neno hili lina mwenyewe, mjukuu wangu. Twende tukamtafute."

Tulikwenda kwanza barazani, na mzee niliyemsikia akasema kwamba yeye hakutamka kuzama, bali alisema yamkini chombo kimepatwa na jambo. Na alipoulizwa alikolipata akamtaja mvuvi mmoja wa Funguni. Mvuvi tulimkuta akishona nyavu zake, naye akasema kwamba alilolisema yeye ni kuwa jahazi halijaonekana, na kwamba habari hiyo aliipata kwa karani mmoja huko bandarini Malindi. Tukaenda Malindi, jua likiwa limeelekea kuchwa, na bibi akitembea mbele yangu pasina kutamka neno. Karani alifungua daftari lake, akapitisha kidole juu ya mistari, akatuambia kwa utulivu kwamba jahazi halijafika. Halijafika: hilo ndilo neno alilolitoa asubuhi. Kwa karani halijafika, kwa mvuvi halijaonekana, kwa mzee limepatwa na jambo, kwangu mimi limezama. Vinywa vinne tu, tena vyote vya watu wasiokuwa na fitina wala husuda, vilitosha kumzika mtu aliye hai. Jahazi liliingia siku mbili baadaye. Nahodha alikuwa amejibanza Pangani akingoja upepo utulie.

Usiku ule ule tuliotoka Malindi bibi alinipitisha nyumba baada ya nyumba, nikawaambia majirani kwa ulimi wangu mwenyewe kwamba nililolileta halikuwa na asili. Adhabu nyingine hakunipa.

Baadaye chuoni, tulipofika Suratul Hujurat na maalim akatufasiria aya ya 6, inayowaamrisha waumini kuipeleleza habari kabla hawajawadhuru watu kwa kutojua, niliona kwamba safari yangu ya Malindi ilikuwa tafsiri ya aya ile. Wanavyuoni wa hadithi, akina Bukhari na Muslim, hawakuikubali kauli mpaka waujue mnyororo wa wapokezi wake, yaani isnadi, nani kapokea kwa nani, na kila mpokezi ni mtu wa namna gani. Na bibi yangu, ambaye hakusoma vitabu hivyo, aliishika isnadi hiyo kwa miguu yake, mtaa kwa mtaa. Maalim alitufundisha pia kisa cha ifki, yaani uzushi aliozuliwa Bibi Aisha huko Madina, na kilichonishangaza katika kisa hicho ni kwamba miongoni mwa walioyarudia maneno yale walikuwamo waumini wa kweli. Wanafiki waliyaanzisha, lakini hayakuenea kwa ndimi zao peke yao.

Kwa sababu hiyo sijapata kuipenda ile methali yetu isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Najua wahenga walikuwa na makusudio yao. Lakini nimeisikia mara nyingi mno ikitumiwa kufunga mjadala pale ambapo mtu mmoja alikuwa karibu kuuliza, na kwa hiyo imekuwa kama fatwa ya kuhalalisha dhana.

Redio haikuleta mageuzi makubwa kama watu walivyotazamia. Baba alikuwa na moja, na jioni watu walikuja kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ili wapate yakini ya waliyoyasikia mchana. Lakini muda haukupita ila mtu aliyetaka kuaminiwa alianza kusema "redio imesema", hata kwa mambo ambayo redio haikuyagusa kabisa, na wengi wakamsadiki kwa heshima ya kile chombo.

Hata hivyo nisije nikadhaniwa kusema kwamba zamani palikuwa na ukweli na leo haupo. Mwaka 1995, ndani ya mwezi wa Ramadhani, ulianza huko Pemba uvumi wa jini aitwaye Popobawa, ambaye ilisemekana huwaingilia watu usingizini na kuwadhalilisha. Na baada ya Idi uvumi huo ukavuka bahari, ukaingia Unguja, kisha ukafika hata Dar es Salaam. Nilikuwa mtu mzima wakati huo, mwalimu mwenye watoto watatu. Mtaa mzima ulitoka nje usiku, watu wakalala uani na vibarazani wakikaribiana, moto ukiwashwa, kwa kuwa ilisemwa kwamba anayelala ndani peke yake ndiye anayefikwa. Kila niliyemuuliza aliyeona ni nani, alinijibu ni jirani ya shemeji yake, au ni mtu wa shamba kwao. Na katika isnadi ile ndefu sikumpata hata mmoja aliyesema "mimi". Pamoja na hayo nami nilitandika mkeka uani na wanangu, wala sikusimama hadharani kusema ninayoyajua. Bibi alikwisha kufariki.

Jambo moja katika uvumi ule halijaniondoka akilini. Ilisemwa kwamba aliyefikwa na jini huyo ni lazima awahadithie wenziwe, na asipofanya hivyo atarejewa. Tazama ulivyoundwa: uvumi uliobeba ndani yake amri ya kuuvumisha, ukamfanya mwenye kunyamaza ndiye mwenye kuhatarika. Na tazama pia wakati wenyewe, kwani mwezi wa Oktoba mwaka ule ulikuwa unatungoja uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na watu walikuwa na hofu nyingi ambazo hawakuweza kuzitaja kwa majina yake. Wasomi wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, waliandika katika kitabu chao cha mwaka 1947 kwamba uvumi hustawi pale yanapokutana mambo mawili, uzito wa jambo na giza lililolizunguka, na likikosekana mojawapo uvumi haupati nguvu. Waliona pia kwamba habari ikipita vinywa vitano au sita hupoteza kiasi cha asilimia 70 ya yaliyomo, na machache yanayosalia ndiyo yanayonolewa. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mvuvi na nyavu zake.

Msimu ule wa Popobawa haukwisha kwa hofu za usiku tu. Mjini Unguja kijana mmoja, mgonjwa wa akili, alidhaniwa kuwa ndiye jini mwenyewe, na umati ukamuua. Nasema umati, kwa sababu hakuna aliyebakia kuwa mwenyewe wa tendo lile, kama ambavyo hapakuwa na mwenyewe wa neno lililolizaa. Kila nikilikumbuka naiona mikeka yetu uani, na naliona kimya changu kuwa ni sehemu ya jambo hilo.

Kisha zikaja simu za mkononi, na katika simu hizo makundi ya WhatsApp, na nilipopokea kwa mara ya kwanza ujumbe uliomalizika kwa kuonya kwamba asiyewatumia watu kumi atafikwa na balaa, nilimtambua Popobawa. Amri ilikuwa ile ile. Ila safari hii haikuhitaji mtu kuvuka bahari kwa chombo. Kidole kimoja kilitosha, na aliyeugonga ujumbe hakulazimika kumtazama usoni anayempelekea. Barazani mtu aliyeleta habari alikaa nayo; tuliona jicho lake, tulijua kama ni mkweli au ni mpenda makuu, na ikibainika kuwa si kweli alikuwa na haya ya kurudi kesho kunywa kahawa. Ujumbe wa simu huja bila baba. Ukimuuliza aliyeuleta, atasema nami nimeletewa, na husema hivyo kwa moyo mweupe, kana kwamba kuletewa ni kinga.

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, takwimu za taifa zilitangazwa mpaka mwishoni mwa mwezi wa Aprili, kisha zikasita. Na katika kimya kile simu zilijaa sauti za watu waliojiita madaktari, na dawa za kila aina, na majina ya maiti. Siwalaumu wote waliozituma. Aliye gizani hushika chochote kinachomgusa mkono, na wengi walimtumia ndugu yao habari isiyothibiti kwa sababu ya mapenzi, wakisema heri aijue ikiwa ni uongo kuliko kuikosa ikiwa ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science, uliochunguza habari zilizopita katika mtandao wa Twitter tangu mwaka 2006 hadi 2017, ulionyesha kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa kupelekwa mbele zaidi kwa asilimia 70 kuliko ya kweli, na kwamba waliofanya kazi hiyo ni wanadamu wenyewe hasa, kwani uongo huwa mpya na wa kustaajabisha. Sikuhitaji utafiti kulisadiki hilo. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja nilipolionja. Wenye WhatsApp nao wameweka vishale viwili juu ya ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kupelekwa ila kwa mahali pamoja kwa mara moja. Navithamini vishale vile. Lakini havimuulizi mtu kitu.

Miaka michache iliyopita, katika kundi la watu wa mtaa wetu wa zamani, ambao leo wametawanyika Dar es Salaam, Mombasa, Maskati na Uingereza, uliingia ujumbe kwamba mmoja wa wazee wa ile baraza amefariki dunia. Kabla ya robo saa kupita, watu arubaini na mmoja walikuwa wameandika Inna lillahi. Niliuliza nani amefika nyumbani kwake, na hapakuwa na jibu, ila rambirambi ziliendelea kuteremka chini ya swali langu. Nikavaa viatu, nikaenda kwa miguu. Mzee nilimkuta amekaa kizingitini akichambua mchele, na simu yangu ikalia mkononi: alikuwa bintiye aliye Maskati, akilia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya shangazi. Nilimwambia, "Mwanangu, baba yako huyu hapa mbele yangu." Hakunisadiki. Alidhani namliwaza. Nilimpa mzee simu, naye akamwita kwa jina la utotoni, na kwa kitambo kirefu hapakusikika kitu upande wa pili.

Nilirudi kuandika katika kundi kwamba mzee yu hai, nami nimemwona kwa macho yangu. Watu watatu walijibu.

Ijumaa iliyofuata nilikutana sokoni Darajani na mtu mmoja tuliyesoma pamoja chuoni, akanishika mkono kwa huzuni ya kweli, akanipa pole ya msiba wa mzee. Nilimwambia kwamba mzee yu hai, lakini niliona machoni mwake kwamba neno langu lilikuwa jepesi kuliko lile alilokuja nalo. Basi sikuuachia mkono wake. Tuliacha samaki wetu kwa muuzaji, tukatoka pamoja kuelekea Ng'ambo.