Mustang yangu na alama ya kidole

Jamani, leo naweka programu kando kidogo. Kwa miezi mitatu, jioni baada ya kazi, nimekuwa nikiunganisha ndege ya plastiki: P-51D Mustang, ndege ya kivita ya Marekani, kipimo cha 1/48. Ilibaki rangi tu.

Nilitaka ifanane na alumini tupu, kama Mustang nyingi zilivyokuwa mwaka 1944. Nikatumia Alclad II. Hii hupulizwa juu ya rangi nyeusi inayong'aa, kwa presha ndogo, tabaka nyembamba nyembamba.

Nyeusi ilipoonekana imekauka, nikapuliza. Lo! Ubavuni ikatokea alama ya kidole changu, pamoja na mikwaruzo ya msasa niliyodhani imefunikwa. Rangi ya kawaida huficha makosa. Hii huyaanika.

Niiache hivyo, au nirudi mwanzo? Roho iliniuma, lakini nilirudi. Nikasugua kwa msasa wa maji namba 2000, nikapiga nyeusi upya, nikasubiri siku mbili bila kuigusa.

Kusubiri huko kulinipa muda wa kusoma. Kumbe mabawa ya Mustang halisi hayakuwa alumini tupu! Kiwandani mishono yake ilizibwa kwa puti, kisha yakapakwa rangi ya fedha ili hewa ipite bila kukwaruzwa. Basi mabawa nikayapa fedha iliyopoa, mwili nikauacha uking'ae.

Sasa iko kando ya monita yangu. Nikishawishika kubandika kiraka juu ya programu mbovu, naitazama, halafu naanza chini.