Kijiji Chetu Kina Watu Wangapi?

Wahenga walinena kwamba mtu ni watu. Je, watu hao huhesabiwa wapi?

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilimwandika kila mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Basi baba, ambaye huchuma chai Kericho, aliandikwa huko, pamoja na majirani zake Wakisii na Waluo katika nyumba za wafanyakazi. Kaka yangu akawa mtu wa Nairobi. Hapa kwetu Ndanai karani alimkuta nyanya, mama na sisi watoto wanne.

Nyanya akamwambia, "Kijana wangu, muandike na mwanangu. Shamba hili ni lake." Karani akakataa kwa upole.

Kaunti yetu ya Bomet ilipata watu 875,689. Pesa za kaunti hugawanywa pia kwa kuangalia idadi hiyo, kwa hivyo si jambo dogo. Kijijini kwetu wengi ni akina nyanya, akina mama na wanafunzi. Wanaume huja mwisho wa mwezi, na Desemba kijiji hujaa pomoni. Lakini baba akiugua sana, huletwa huku. Hata wafu wetu huzikwa huku, si kwenye majani chai.

Sensa hufanywa kila baada ya miaka kumi. Mwaka 2029 nitakuwa na kitambulisho changu, pengine na kazi mbali. Nyanya ameshaniuliza nitalala wapi usiku huo. Bado sijamjibu.