Gari ni mali, lakini ya nani?

Wadau, ukimuuliza kijana wa mjini ana nini, atakutajia simu, kompyuta na kiwanja. Anachodaiwa hakitaji. Programu ya GnuCash haina aibu hiyo. Ni ya bure, toleo lake la kwanza lilitoka 1998, na hesabu zote inazipanga katika mafungu matano: mali, madeni, mtaji, mapato na matumizi. Kila muamala unaandikwa sehemu mbili. Nikirejesha shilingi 60,000 kwenye kikoba, pesa ya benki inapungua na deni linapungua. Mtindo huu ni wa kale. Mtawa Luca Pacioli aliueleza kitabuni kule Venice mwaka 1494.

Haya, daftari langu hili hapa. Kiwanja Chanika 4,000,000, kompyuta 1,200,000, benki na simu 340,000, na 450,000 ambazo gazeti fulani halijanilipa kwa makala zilizokwishachapwa. Jumla 5,990,000. Upande wa pili, mkopo wa chuo 7,800,000 na kikoba 600,000. Jumla 8,400,000. Yaani thamani yangu halisi ni hasi 2,410,000!

Kabla hamjanichangia, sikilizeni. Ule mkopo ulinunua digrii, na digrii haina mstari kwenye safu ya mali. Inaonekana kwenye mapato tu, kila mwezi, baada ya Bodi ya Mikopo kukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Zile 450,000 nazo programu inaziita mali, lakini muuza chakula hazipokei.

Kaka yangu ananisihi niuze kiwanja, nikope milioni 8 juu yake, ninunue gari la milioni 12. "Mdogo wangu, gari ni mali," anasema. Kihasibu yuko sahihi. Siku ya kununua, mali inaongezeka milioni 8, deni milioni 8, thamani yangu iko palepale. Shida inaanza mwezi unaofuata: riba, bima, mafuta, gereji. Na gari linachakaa, ila programu haijui mpaka uiandikie uchakavu mwenyewe.

Robert Kiyosaki, kwenye Rich Dad Poor Dad ya 1997, anasema mali ni kile kinachokuingizia pesa mfukoni. Kwa kipimo chake hata kiwanja changu chenye nyasi hakifuzu. Wahasibu hawakubaliani naye, na mimi naona kila upande unajibu swali lake. Mizania inasema unamiliki nini leo. Taarifa ya mapato na matumizi inasema utafika mwisho wa mwezi au la. Zisomeni zote mbili.

Kaka nimemjibu: kiwanja hakiuzwi. Amenuna, na harusi ya binamu yetu ni Jumamosi, tutakaa meza moja. Nyie mngemwambiaje?