Sijambo ya Mdomo, Sijambo ya Miguu

Kila Jumapili jioni hupiga simu Tanga. "Shikamoo Baba." "Marahaba mwanangu, hujambo?" "Sijambo, sijui wewe." "Mimi mzima wa afya." Basi moyo wangu hutulia, nikarudi kwenye shughuli zangu za Dar es Salaam. Miaka nenda rudi, habari za afya yake nilizipata kinywani mwake tu.

Mwaka jana alikuja kutibiwa macho. Daktari aliposikia kwamba amejikwaa mara mbili kwenye ngazi, akatupeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Binti yule alimfunga Baba mkanda kiunoni, na kwa nyuma, usawa wa uti wa mgongo, akapachika kihisi mwendo, kidude cha ukubwa wa kiberiti. "Babu, inuka kitini, tembea mita 3, geuka, rudi uketi."

Jaribio lenyewe si geni. Watafiti Podsiadlo na Richardson walilieleza mwaka 1991, likipimwa kwa saa tu. Baba alitumia sekunde 16. Marekani, taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa huhesabu sekunde 12 na zaidi kuwa dalili kwamba mzee yumo hatarini kuanguka. Lakini saa hutaja jumla, kihisi huchambua. Mara nyingi ndani ya kila sekunde hupima jinsi mwili unavyoongeza na kupunguza kasi, unavyoyumba na unavyogeuka. Kwenye kompyuta nikaonyeshwa mawimbi mawili madogo, kisha moja kubwa: Baba alijaribu kuinuka mara mbili akashindwa, ya tatu akaweza. Nami nilikuwa chumba kilekile, nasoma ujumbe kwenye simu.

Kisha binti akaanza kuuliza, akifuata orodha maalumu. Mwaka 2001 mtafiti Linda Fried na wenzake waliorodhesha dalili tano za udhaifu wa uzeeni: kukonda bila kukusudia, kuchokachoka, kiganja kupoteza nguvu, mwendo kuwa wa polepole, na shughuli kupungua. Zikikutana tatu, mzee huhesabiwa kuwa amedhoofika. Nikamsikiliza huku nikikumbuka: mkanda wa suruali uliotobolewa tundu jipya, chupa ya maji aliyoniomba nimfungulie, bodaboda wa kumpeleka msikitini, mwendo wa dakika tano. Yote niliyaona, nikayaita uzee, nikayapita. Kumbe udhaifu huu si uzee wenyewe. Mazoezi ya kuimarisha misuli, chakula chenye protini ya kutosha na kukagua upya dawa anazomeza mzee huweza kuupunguza, hasa ukigunduliwa mapema.

Hata hivyo kidude nacho kina mipaka yake. Kilijua Baba anavyoinuka, hakikujua kwamba tangu Mama afariki chakula chake cha usiku ni chai na mkate. Hilo alilisema mwenyewe, kwa sauti ya chini, alipoulizwa na mtu aliyevuta kiti akaketi karibu naye. Mimi mwanawe sijapata kumuuliza.

Nikakumbuka tulivyoingia hospitalini asubuhi ile. Nilitangulia kwa haraka zangu za mjini, nikamsubiri mlangoni. Kidude kilikaa mgongoni mwake. Mimi nilikuwa nimempa mgongo.

Siku hizi Baba huinuka na kuketi kitini mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, na binti wa jirani humpikia maharage na samaki. Mara moja kwa mwezi simu naiweka kando, napanda basi. Tunakwenda msikitini kwa miguu, yeye mbele, mimi hatua moja nyuma, kwa mwendo wake.

Wazee wetu wamelelewa kusema sijambo hata wakiwa na jambo. Ni adabu yao, tusiwalaumu. Ila wewe ukimwamkia mzee wako, naye akakuitikia marahaba, usiondoke bado. Subiri umwone akiinuka.